Mcheza kwao hutunzwa: profesa aliyekuja Lindi kusomea ngoma zetu



Kama una ndugu au rafiki anayesoma Italia, basi zile picha unazijua. Huwa hazionyeshi maktaba. Zinaonyesha uwanja wa Piazza del Campo pale Siena, watu wamejaa mpaka chini hapaonekani, na farasi kumi wanakimbizwa kuuzunguka bila matandiko mgongoni. Hayo ndiyo mashindano ya Palio, yanayofanyika kila tarehe 2 Julai na 16 Agosti. Mji wenyewe umegawanyika mitaa 17, kila mtaa una bendera yake, nyimbo zake na mahasimu wake wa jadi. Eti farasi akifika wa kwanza bila mpandaji, aliyemwangusha njiani, bado anahesabiwa mshindi! Wengine hutuma picha kutoka Perugia, kwenye chuo kikuu cha wageni kinachofundisha Kiitaliano watu wa mataifa mbalimbali tangu miaka ya 1920. Huko kila Julai mji hujaa muziki wa tamasha la Umbria Jazz, lililoanza mwaka 1973.

Huku nyumbani wazazi huguna. "Tumempeleka kusoma au kucheza?"

Mimi katika kesi hii niko upande wa kijana. Mtu akikaa miaka mitatu katika nchi ya watu halafu akarudi na cheti tu, hajui wanacheka nini, wanaimba nini, wanamlilia nani, huyo kasoma nusu. Wala si jambo jipya. Katika karne ya 17 na ya 18 matajiri wa Uingereza walikuwa wakiwapeleka vijana wao safari ndefu ya Ulaya, na kilele cha safari kilikuwa Italia. Waende Roma, Florence na Venice, wakatazame majengo, sanamu, michoro na kanivali. Kutazama ndiko kulikuwa kusoma kwenyewe.

Leo nataka tuligeuze swali. Sisi tukienda kwao tunasoma na kufurahia sherehe zao. Je, amewahi kuja mtu kwetu, si kufundisha, si kuhubiri, si kununua mpira na pembe, bali kukaa chini na kusoma ngoma zetu?

Yuko. Na hakwenda Zanzibar wala Bagamoyo kama mnavyofikiria. Alikuja Lindi.

Niseme mapema kwamba kwetu ni Milola, kwa hiyo habari hii naiandika kama mtu wa huko. Ukitoka Lindi mjini ukaipa bahari mgongo, unaingia katika nchi ya Wamwera, nchi ya korosho na ufuta, na baada ya mavuno, nchi ya ngoma za jando na unyago. Watu wa Dar mkisikia Lindi mnafikiria barabara. Sisi tukisikia Lindi tunafikiria ngoma.

Mtu mwenyewe aliitwa Karl Weule, Mjerumani, aliyezaliwa mwaka 1864. Hakuwa mwanafunzi wa kukaa darasani na kufanya mtihani. Alikuwa na umri wa miaka 42, msomi wa mila na desturi za watu, akifanya kazi katika makumbusho ya mji wa Leipzig ambayo baadaye aliyaongoza. Lakini kwa Afrika alikuwa mwanafunzi kabisa. Alikuwa amezisoma mila zetu kwenye vitabu na kwenye makabati ya kioo, na sasa alitaka kuwaona wenyewe. Safari yake ilisaidiwa na fedha za idara ya makoloni ya Ujerumani. Alikuwa amepanga kwenda kaskazini, pande za Kondoa Irangi na nchi ya Wairaqw. Machafuko ya huko yakamzuia, akaelekezwa kusini. Juni 1906 akashuka Lindi.

Alishuka na vyombo ambavyo wakati ule vilikuwa kama miujiza. Kamera za picha za kawaida. Kamera ya sinema, yaani ya picha zinazotembea, miaka kumi na moja tu baada ya akina Lumière kuonyesha sinema zao Paris. Na fonografu, ile mashine yenye pembe kubwa inayonasa sauti kwenye silinda ya nta. Weule ni miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kupiga sinema ya ngoma Afrika Mashariki. Fikiria hilo vizuri. Miongoni mwa sinema za kwanza za ngoma katika nchi yetu ni za watu wa kusini, hawahawa tunaoambiwa kila siku kwamba tumechelewa.

Sasa ngojeni kidogo kabla hatujapiga vigelegele. Tuitazame hiyo Lindi ya 1906 ilikuwaje.

Mwaka mmoja nyuma, mwishoni mwa Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete waling'oa pamba ya Mjerumani, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Tarehe 4 Agosti 1905 Kinjikitile Ngwale alinyongwa Mohoro. Kumnyonga hakukuzima kitu. Vita viliteremka kusini na kusambaa bara. Wamwera waliingia vitani, na jina la Selemani Mamba limebaki katika historia ya Lindi kama mmoja wa viongozi. Misheni ya Nyangao ikateketezwa. Wajerumani walipopata nguvu walijibu kwa njia iliyokuwa mbaya kuliko risasi: walichoma vijiji, wakachoma na kuchukua chakula, wakaacha njaa imalize kazi. Wajerumani wenyewe walikadiria waliokufa kuwa 75,000. Wanahistoria wa baadaye wamefikisha makadirio kwenye 250,000 mpaka 300,000, wengi wao kwa njaa na maradhi. Profesa wetu aliposhuka Lindi, upande wa Songea na Upangwa vita vilikuwa bado havijaisha, na njaa ilikuwa imejaa kusini yote.

Ndiyo nchi aliyokuja kusomea ngoma.

Kuna jambo moja linanikaa kichwani kila nikiifikiria safari hiyo. Kule Ngarambe kwa Kinjikitile, kabla ya vita, watu waliokwenda kuchukua maji walifundishwa mazoezi yaliyoitwa likinda. Wazee waliohojiwa na wanahistoria miaka ya 1960 walieleza kwamba likinda ilikuwa gwaride, namna ya kujipanga na kwenda kwa hatua pamoja. Mtu wa boma angepita akaona watu wamejipanga wanakwenda kwa mpigo, angesema ni ngoma za washenzi, akaendelea na safari yake. Kumbe hapo ndipo jeshi lilipokuwa linaundwa. Wajerumani waliokuwa hapa hawakujua kusoma ngoma, na kutojua huko kuliwagharimu.

Mwaka uliofuata analetwa mtu wa kuzisoma. Sisemi kwamba Weule alikuwa jasusi. Nasema tu kwamba dola iliyotoka kutikiswa na watu isiowaelewa ilikuwa na sababu nzuri ya kulipia elimu ya kuwaelewa. Elimu huwa na mwenye nayo, na huwa na mlipaji.

Basi tumfuate. Mwezi Julai Weule alitoka Lindi kuelekea Masasi pamoja na Ewerbeck, mkuu wa wilaya wa Kijerumani. Alikuwa na askari wa kumlinda, wapagazi Wanyamwezi, mpishi na watumishi. Miezi iliyofuata aliipitia Masasi, Chingulungulu kwa Matola, mkuu wa Wayao, kisha akapanda uwanda wa Makonde, Newala na Mahuta. Milola hakupita, njia yake ilikuwa kusini ya kwetu. Lakini Wamwera alikutana nao njiani, na ngoma alizozikuta ni ndugu wa ngoma zetu.

Tumpe haki yake. Ukisoma kitabu chake, kilichotoka Ujerumani mwaka 1908 na kutafsiriwa kwa Kiingereza na Alice Werner mwaka 1909, unamwona mtu anayefurahi kwelikweli. Anakaa mpaka usiku kusikiliza nyimbo. Anaeleza Wamakonde wanaocheza juu ya miti mirefu iliyofungwa miguuni, na wanaovaa mapiko usoni. Anaeleza ndonya za wanawake na kazi ya kuchonga. Alimpata mwimbaji mmoja kipofu, Sulila, akataka kumnasa kwenye fonografu. Hapo ndipo ilipokuwa kazi! Fonografu ya wakati ule ilitaka mwimbaji asimame palepale, mdomo uelekee kwenye pembe, kwa dakika mbili tatu tu, silinda ikajaa. Sasa mwimbaji wa kusini utamwambia asimame vipi? Kwetu wimbo na mguu ni kitu kimoja. Ukimzuia mguu umemzuia na wimbo.

Tena alifanya jambo ambalo hata leo watafiti wengi hawalifanyi: aliwapa watu karatasi na penseli wachore wenyewe. Kiongozi wa wapagazi wake, aliyejulikana kwa jina la Pesa Mbili, alimchorea ramani ya njia ya misafara ya bara. Ramani! Katika miaka ambayo Ulaya ilikuwa ikifundishwa kwamba Mwafrika hajui alipo, Mnyamwezi alikaa chini akachora kwa kichwa njia ya miezi mitatu. Weule aliitia kitabuni.

Kwa hiyo huyu hakuwa mtu mjinga wala mtu wa kuchukia. Ndiyo maana habari yake inanisumbua. Angekuwa mkatili wa wazi, tungemtia kwenye kapu la wakatili tukaendelea na mambo yetu. Lakini huyu alikuwa mtu anayependa ngoma, anayeuliza maswali mazuri, anayelipa wachezaji. Na bado kuna kitu hakikai sawa.

Kitu chenyewe ni hiki. Mtu ametoka kushindwa vita. Ghala lake limechomwa. Lindi mjini wafungwa wa vita wako kwenye minyororo. Anakuja Mzungu na mkuu wa wilaya na bunduki, anasema leteni ngoma. Utakataa? Hata kama atalipa, hata kama anatabasamu, utakataa? Weule aliingia mpaka kwenye sherehe za kufungia unyago wa wasichana, mahali ambapo mwanamume wa palepale kijijini hathubutu kukaribia. Alipita mlango ambao mume, baba na mjomba hawapiti. Ni ufunguo gani ulioufungua? Elimu? Heshima? Mimi nasema boma.

Niliwahi kumsimulia habari hii bibi mmoja pale Milola, mtu wa makamo ya nyanya yangu, ambaye amewacheza unyago wasichana wengi kuliko anavyoweza kuwahesabu. Nilimwamkia, tukakaa barazani, nikamweleza Mzungu, mashine, nta na kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza swali moja tu.

"Alicheza?"

Nikamwambia, "Bibi, yeye alikuwa na kamera. Alipiga picha, akanasa sauti, akaandika."

"Basi mjukuu wangu," akasema, "huyo hakuja ngomani. Alikuja dukani."

Nilicheka, naye akacheka. Lakini kauli hiyo nimetembea nayo muda mrefu. Kwetu ngoma haina watazamaji. Usipocheza utapiga makofi, usipopiga makofi utaitikia, usipoitikia utatunza: utatoa hela, kanga au sabuni. Ndiyo maana ya ule usemi wa mcheza kwao hutunzwa. Anayesimama pembeni na daftari hana jina katika ngoma. Na huyo asiye na jina ndiye aliyeondoka na ngoma nzima mkobani.

Sasa, tukiwa bado katika miaka hiyohiyo, kuna safari nyingine ya kwenda upande wa pili ambayo lazima tuiweke kando ya hii. Mwaka 1900 Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa karibu na Bagamoyo, alikwenda Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki. Wanafunzi wake walikuwa Wajerumani, na wengi wao walikuwa wakijiandaa kuja huku kutawala. Mwaka 1903 kikatoka kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho sehemu kubwa ni kazi ya kalamu yake. Ndani mna arusi, mazishi, jando, michezo na ngoma, vimeelezwa na mtu aliyecheza, si aliyetazama. Akiwa huko alioa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 wakapanda meli waje nyumbani. Serikali ya kikoloni ikakataa mke wake asishuke. Mtoro na mkewe wakarudi Ujerumani, na alifia Berlin mwaka 1927.

Pangeni tarehe hizo vizuri. 1905, Mswahili aliyewafundisha Wajerumani lugha na desturi anazuiwa kukanyaga pwani yake mwenyewe akiwa na mke wake. 1906, Mjerumani anashuka pwani hiyohiyo na kupelekwa na mkuu wa wilaya mpaka kwenye unyago. Wote wawili walikuwa watu wa kusoma na kufundisha desturi za watu. Wote walivuka bahari. Mmoja alifunguliwa kila mlango, mwingine alifungiwa mlango wa kwao.

Ndiyo maana nasema kusoma ugenini na kufurahia sherehe za wenyeji si jambo la moyo peke yake. Moyo mzuri wanaweza kuwa nao wote. Swali ni nani ameshika funguo: za kuingia, za kutoka, na za kile kinachobaki baada ya ngoma kuisha.

Turudi Siena, kwa sababu Wasiena katika hili wana la kutufundisha. Mgeni anayesoma pale anaweza kusimama katikati ya uwanja siku ya Palio bila kulipa, akapiga kelele mpaka akaukiwa koo. Hakuna anayemkataza. Lakini mtaa si wake. Mtu wa mtaa ni aliyezaliwa humo, au aliyebatizwa kwenye chemchemi ya mtaa, sherehe isiyo ya kanisa bali ya mtaa wenyewe. Ile karamu kubwa ya usiku wa kuamkia mashindano, ambapo meza hupangwa barabarani, mgeni anakula akikaribishwa na wenye mtaa. Halafu sikilizeni hili. Kila mtaa una makumbusho yake. Ile bendera ya hariri anayopewa mshindi hupelekwa kwenye jengo la mtaa na kutunzwa na watu wa mtaa, karne baada ya karne. Haiko Roma, wala haiko Leipzig. Iko pale mtaani, na mwenye funguo ni jirani yako.

Sasa jiulize, za kwetu za 1906 ziko wapi?

Vitu alivyokusanya Weule vilikwenda Leipzig, kwenye makumbusho ambayo leo ni sehemu ya yale yanayoitwa Grassi. Desemba 1943, katika Vita Kuu ya Pili, jengo hilo lilipigwa mabomu na maelfu ya vitu vya kila upande wa dunia vikaungua. Sauti zilikwenda katika hazina ya sauti ya Berlin, Phonogramm-Archiv, iliyoanzishwa mwaka 1900. Hazina hiyo ya silinda za nta iliingizwa mwaka 1999 na UNESCO katika orodha ya kumbukumbu za dunia. Kumbukumbu za dunia! Dunia imekumbuka, lakini waulize vijana wa Masasi, Newala au Lindi kama wanajua kwamba sauti za watu wa kwao zilizoimba mwaka 1906 zipo. Kwa wote niliowauliza sijampata mmoja.

Tendaguru wanaijua. Hiyo kila mtoto wa Lindi anaijua, kwa sababu haiko mbali na kwetu Milola. Kuanzia 1909 mpaka 1913 Wajerumani walichimba pale wakasomba zaidi ya tani 200 za mifupa ya mijusi mikubwa ya kale, wapagazi wakiibeba kichwani mpaka bandari ya Lindi. Yule mkubwa kabisa amesimama Berlin, kimo chake mita 13 na zaidi. Mpaka bungeni mifupa hiyo imezungumzwa: irudi, isirudi, tulipwe, tusilipwe. Sawa, ni hoja ya haki. Lakini ninajiuliza kwa nini tunagombania mifupa ya wanyama waliokufa miaka milioni 150 iliyopita kuliko sauti za mababu zetu waliokufa juzi. Labda kwa sababu mfupa unaonekana na tiketi inauzwa. Sauti ya kipofu anayeimba dakika mbili haijazi chumba.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, kwenye makumbusho ya Maji Maji, akaomba radhi kwa yale waliyoyafanya Wajerumani. Mabaki ya miili ya watu wetu yaliyochukuliwa na kupelekwa Ujerumani yalizungumzwa, na lazima yaendelee kuzungumzwa mpaka yarudi. Mimi ningeongeza sauti kwenye orodha hiyo. Na sauti, tofauti na mfupa, ikirudi haimwachi mwingine mikono mitupu. Ni nakala tu. Inaingia kwenye kumbukumbu ndogo unayoweza kuitia mfukoni.

Lakini hapa nawaomba vijana wenzangu tusikimbie. Tukipata nakala hizo leo, najua tutakachofanya. Kesho yake zimo YouTube, keshokutwa kuna mtu kaweka midundo chini yake, mtondo zinachezwa disko. Ngojeni. Miongoni mwa mambo aliyoyaandika Weule ni ya jando na unyago. Yale si ya kila sikio. Kuna maneno ambayo mtoto hapaswi kuyasikia kabla ya wakati wake, na kuna maneno ambayo mwanamume hapaswi kuyasikia kabisa. Profesa aliyavunja yote hayo kwa sababu alikuwa na boma nyuma yake. Tukiyavunja sisi, nyuma yetu kutakuwa na nini? Intaneti?

Kwa hiyo nikiulizwa zirudi kwa nani, sitasema zirudi Dar es Salaam kwenye kabati lingine la kioo. Zipelekwe kwanza kusini, wakae wazee na makungwi wa huko, wasikilize, waseme hii ni ya wote na hii ni ya ndani. Funguo washike wao. Mtaa wa Siena unaweza, kwa nini kijiji cha Masasi kisiweze?

Tena tusijidanganye kwamba ngoma zenyewe zimekufa na zimebaki kwenye nta tu. Mtwara kuna tamasha la MaKuYa, jina ambalo limeunganishwa kutoka Makonde, Makua na Yao, linalowakutanisha wachezaji wa ngoma za jadi. (Sisi Wamwera jina letu halimo, hilo tutaliongea siku nyingine!) Bagamoyo kuna chuo cha sanaa tangu mwaka 1981, na wageni kutoka Ulaya wamekuja kusoma ngoma pale, wakiingia uwanjani pekupeku na kufokewa na mwalimu kama mwanafunzi mwingine yeyote. Huyo ni mgeni wa aina nyingine kabisa. Yule bibi wa Milola angemuuliza swali lake, naye angeweza kujibu: ndiyo, nilicheza, tena nilikosea mguu wakanicheka.

Basi nirudi kwenu mlioko Italia, na Ujerumani, na kwingineko. Nendeni kwenye sherehe zao. Msiwasikilize wanaoguna. Ila ingieni kwa mlango wa mgeni: ombeni, karibishwa, fanyeni kazi ya kubeba meza kabla ya kukaa mezani. Jifunzeni ule wimbo mpaka mtu wa pale akurekebishe. Mkipiga picha, ulizeni, na mkiondoka waachieni nakala. Na mkirudi, msije na picha tu. Tuambieni wanatunza vipi, nani ameshika funguo, fedha wanatoa wapi, watoto wanaingizwa wakiwa na umri gani. Hayo ndiyo masomo ambayo hayamo kwenye cheti.

Na wewe msomaji uliyeko Berlin au Leipzig, una bahati ambayo Mtoro hakuipata: unaweza kwenda na ukarudi. Nenda kaulize kwa adabu kuhusu sauti za Lindi za mwaka 1906. Sema umetumwa na watu wa kusini. Ukifanikiwa kuisikia hata moja, nyamaza kwanza, isikilize mpaka mwisho. Kisha nijulishe, ili nianze kuwatafuta wazee wa kukaa nao chini tuisikilize pamoja. Milola nitafika mwenyewe. Yule bibi bado yupo, na mimi najua swali atakaloniuliza.